Namna ya Kwenda Pemba kwa Boti kutoka Unguja

Anayepanga kwenda Pemba kwa mara ya kwanza kwa kawaida huuliza nauli na saa ya kuondoka, ilhali jambo la kuulizia mwanzo ni upepo. Boti ikishatoka bandari ya Malindi, mjini Unguja, hufuata pwani ya magharibi kuelekea kaskazini na kupita usawa wa kisiwa kidogo cha Tumbatu, na kwa muda wote huo Unguja yenyewe huikinga na mawimbi ya bahari kuu. Kinga hiyo inakoma Ras Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja. Kuanzia hapo hadi bandari ya Mkoani, Pemba, ni kiasi cha kilomita 50 za maji yaliyo wazi, yenye mkondo wenye nguvu, na hicho ndicho kipande cha safari ambacho abiria hukisimulia akifika, kwa kukisifu au kwa kukilaani.

Kwa kuwa Mkoani iko kaskazini-mashariki ya Nungwi, kila msimu una namna yake ya kumtikisa msafiri. Wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, boti iendayo Pemba huupokea upepo usoni, na kurudi huwa kwepesi zaidi kwa sababu upepo huo huo unaisukuma kwa nyuma. Wakati wa kusi, yaani upepo wa kusini, ambao huwa mkali zaidi kati ya Juni na Agosti, mawimbi huipiga boti ubavuni, ikawa inalala upande huu na kuinukia upande wa pili, na mtikisiko wa namna hiyo ndio unaowashinda wengi. Mwenye hiari ya kuchagua tarehe na achague kipindi ambacho pepo zinabadilishana, hasa mwezi wa Novemba, kwani bahari mara nyingi huwa imetulia. Asiye na hiari na asikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania siku moja kabla. Ikitangazwa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, kuahirisha safari si woga.

Usalama una upande wake wa pili, nao ni wingi wa abiria. Meli ya Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 karibu na Nungwi, ikielekea Pemba na ikiwa imebeba watu na mizigo kupita uwezo wake, na hakuna mji wala kijiji cha Pemba kisichoikumbuka. Kwa hiyo andikisha jina lako kamili kama lilivyo katika kitambulisho, usisafiri kwa tiketi ya mtu mwingine hata kama ni ndugu yako, na ukiona watu wamejaa hadi ngazini, shuka. Ukishaingia, kabla hujatafuta pa kuweka begi, tazama maboya ya kujiokolea yalipo na mlango ulio karibu nawe.

Kuna usafiri wa aina mbili. Boti za mwendo kasi huvuka mchana kwa saa chache. Meli kubwa za abiria na magari huenda taratibu na aghalabu husafiri usiku, nazo ndizo zinazowafaa wenye mizigo mingi na wale wanaopenda kulala hadi alfajiri. Tiketi inunuliwe katika ofisi ya kampuni yenyewe, wala si kwa papasi wanaomkimbilia mgeni nje ya lango la bandari wakimwambia kwamba nafasi zimekwisha. Zinapokaribia sikukuu za Idi nafasi hukwisha kweli, kwa sababu Wapemba waishio Unguja na Dar es Salaam hurudi kwao kwa wingi, hivyo wakati huo inafaa kukata tiketi mapema ya kwenda na ya kurudi.

Sasa tuje kwenye kichefuchefu, ambacho hakimjui mwanamume wala mwanamke. Kaa sehemu ya chini, katikati au karibu na nyuma, kwa kuwa mbele ndiko boti inakonyanyuka na kupiga maji kwa nguvu zaidi. Viti vya juu vya mbele, ambavyo wageni huvikimbilia kwa ajili ya mandhari, ndivyo vya kuepukwa kusi linapovuma. Kula kitu chepesi na kikavu, kama mkate au muhogo wa kuchemsha, wala usipande na tumbo tupu au lililojaa urojo. Vidonge vya kuzuia kutapika humezwa kabla ya safari, si baada ya kuanza kuumwa, na muulize mfamasia kuhusu kipimo, hasa kwa watoto na wajawazito, maana vingi huleta usingizi. Simu iweke mfukoni na utazame mbali, pale bahari inapokutana na mbingu. Wengine hushika ndimu na kuinusa njia nzima, na sioni sababu ya kuwakataza. Mabaharia wakianza kupita na vifuko vya kutapikia, pokea kimoja hata kama unajiona mzima.

Uliza mapema boti yako inafunga gati gani. Mkoani iko kusini mwa kisiwa na Wete iko upande wa kaskazini-magharibi, na katikati yake kuna Chake Chake, ambako kila upande ni mwendo wa kiasi cha kilomita 30 kwa barabara ya vilima. Anayekwenda Konde au msitu wa Ngezi hupunguziwa njia akishukia Wete. Ukishukia Mkoani, patana bei na hamali kabla hajaligusa begi lako, kisha uende kwenye daladala bila kuchelewa, kwa sababu abiria wote wa boti wanazitaka gari hizo kwa wakati mmoja.

Chukua fedha taslimu za kutosha, kwani mashine za kutolea fedha ni chache. Mavazi yawe ya heshima, na katika mwezi wa Ramadhani usitegemee kupata mkahawa uliofunguliwa mchana. Wakati wa kurudi, halua ya Wete haina kizuizi, lakini karafuu ni habari nyingine: mnunuzi wake halali ni shirika la serikali, ZSTC, na kuisafirisha bila kibali ni magendo. Ikiwa una ndege ya kuunganisha Unguja au Dar es Salaam, usiipange siku ile ile unayotoka Pemba. Bahari ikichafuka boti huchelewa au hufutwa, na shirika la ndege halitakusubiri.