Somo: Kuongeza mapendekezo kwenye kisanduku cha kutafutia

Wakuu, injini yako ya utafutaji ikishatafuta vizuri, hatua inayofuata ni kumpunguzia mtu kazi ya kuandika. Akianza tu na "kit", orodha ishuke: kitabu cha hesabu, kitabu cha sayansi. Kodi (msimbo wa programu) yenyewe ni fupi. Kazi ni kuamua kipi kipendekezwe, kwa hiyo tulia hapo kwanza.

Hatua ya 1: Maneno

Anza na kumbukumbu za utafutaji, yaani walichoandika watu wenyewe. Tengeneza jedwali lenye maneno, idadi ya watu tofauti waliotafuta, na idadi ya matokeo. Weka yote kwa herufi ndogo. Yasiyo na matokeo yatoe. Kumpeleka mtu kwenye ukurasa mtupu ni kumpotezea muda.

Lililotafutwa na mtu mmoja au wawili usilionyeshe kabisa. Watu huandika humo namba za simu, majina, hata maradhi yao, na siri ya mtu haifai kuwa pendekezo kwa mwingine. Weka kiwango cha chini cha watu, pamoja na orodha ya maneno yaliyozuiwa.

Hatua ya 2: Seva

Tafuta kwa `LIKE 'kit%'` ya SQL, yaani yanayoanza na "kit", panga kwa idadi ya watu, rudisha manane tu. Safu ya maneno iwe na faharasa (index), inayoisaidia hifadhidata kufika kwenye neno bila kupitia jedwali zima. Ukiandika `'%kit%'`, yaani "kit" popote ndani, faharasa ya kawaida haisaidii tena: jedwali zima litapitiwa kwa kila ombi.

Hatua ya 3: Kivinjari

Usitume ombi kwa kila herufi. Subiri milisekunde 150 hivi mtu atulie.

Sasa angalia hili. Mtu kaandika "ki", ombi limetoka. Kaongeza "t", limetoka la pili. Jibu la pili likitangulia, la kwanza litakuja kulifunika, na orodha itaonyesha "kiatu" ilhali kisanduku kinasema "kit". Dawa: kila jibu lirudi na herufi zilizoulizwa, na zisipolingana na zilizomo kisandukuni, litupe.

Mishale, Enter na Esc vifanye kazi. Mapendekezo yaonyeshe kama maandishi matupu, kamwe si HTML, la sivyo mtu atapenyeza skripti (kodi ya kudhuru).

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nina maneno milioni mbili. Jedwali litahimili?*

Litahimili. Mzigo uko kwenye herufi moja au mbili za mwanzo, maana zinaleta maelfu ya kupanga. Majibu yake yaandae mapema uyahifadhi kwenye kumbukumbu ya seva (RAM).

*Mtu akiandika "vit" hapati "kitabu". Nifanyeje?*

Kiswahili hubadilisha neno mwanzoni, kwa hiyo njia hii haitaliona. Tengeneza jedwali la pili la funguo: "kitabu" na "vitabu" zote zielekeze kwenye pendekezo lilelile. Fanya hivyo pia kwa neno la pili na la tatu la kila pendekezo, ili anayeanza na "hesabu" naye afike.

*Yaliyopitwa na wakati yanang'ang'ania juu.*

Ongeza safu ya alama, upange kwa hiyo. Kila wiki zidisha alama zote kwa 0.9, kisha ongeza utafutaji wa wiki hiyo. Idadi ya watu iache ilivyo. Hiyo ni ya kulinda faragha.