Kuimudu revolva ya mtutu mfupi: mshiko, triga na ule msukumo

Watu wengi wanaokuja kwangu Kampala wakiwa na revolva ndogo (bastola yenye silinda inayozunguka, ambayo ndiyo hubeba risasi), ile ya mtutu wa inchi mbili hivi, wameinunua wakiamini kwamba udogo wake utawarahisishia mambo. Mambo ni kinyume. Kwa risasi ileile, bastola yenye nusu ya uzito hurudi nyuma kwa nguvu maradufu, maana hakuna chuma cha kutosha cha kuumeza msukumo. Smith & Wesson Model 36, iliyoingia sokoni 1950, ni ya chuma kitupu na ina gramu 550 hivi. Model 642, yenye bodi ya aluminiamu, ina gramu 410 hivi. Zote mbili hupiga risasi aina ya .38 Special na hubeba risasi tano, lakini ukizipiga moja baada ya nyingine, kiganja chako hakitazichanganya.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kibali chini ya Sheria ya Silaha ya 1970, aliyesimama kwenye kiwanja cha shabaha kinachoruhusiwa, na msimamizi yupo. Kidole hakiingii kwenye triga mpaka mtutu uwe unatazama shabaha. Kanuni hii ya kidole sitairudia chini, ila inatawala kila hatua.

Hatua ya 1: Chagua risasi kabla ya kulaumu mkono

Anza na .38 Special za mazoezi, zile zenye kichwa bapa cha nafaka 148, ambazo ni gramu 9.6 hivi. Zinakwenda polepole na zinatoboa karatasi tundu safi. Kama revolva yako ni ya .357 Magnum, risasi yenye nguvu zaidi, inakubali .38 Special pia, kwa hiyo huna sababu ya kuanza na magnum. Sishauri mtu yeyote ajifunze kwa magnum kwenye bastola nyepesi. Utakachojifunza hapo ni woga, na kuuondoa huchukua muda mrefu kuliko kufundishwa upya tangu mwanzo.

Mpini nao uangalie. Mipini ya mbao iliyokuja na bastola nyingi za zamani ni mizuri kwa macho, lakini inaacha chuma cha nyuma wazi, na chuma hicho ndicho kinachogonga kiganja. Weka mpini wa raba unaofunika chuma hicho, na urefu wake utoshe kidole cha mwisho.

Masikio: mlio wa mtutu mfupi unapita desibeli 150. Weka vizibo ndani ya sikio na kinga ya nje juu yake, vyote viwili kwa pamoja. Nusu ya kushtuka kwa wanafunzi hutokana na sauti, na ukiipunguza sauti, mkono wenyewe unatulia.

Hatua ya 2: Shika juu, funga dole gumba

Mtutu wa revolva umekaa juu ya mkono wako, na kadiri unavyokaa juu, ndivyo mdomo wake unavyoruka risasi inapotoka. Kwa hiyo pandisha mkono mpaka kwenye nundu ya nyuma ya bodi, juu kabisa, bila kuizuia nyundo, kile kipande cha nyuma kinachoanguka kuilipua risasi. Ukishika chini, bastola itajizungusha kiganjani na utalazimika kuishika upya kila risasi.

Waliozoea bastola za magazini, na hapa Uganda ndio wengi, hunyoosha madole gumba kwenda mbele. Kwenye revolva usifanye hivyo kabisa. Kati ya silinda na mtutu kuna mwanya, na kila risasi hutema hapo gesi ya moto na chembe za risasi, kali kiasi cha kuchana ngozi. Kunja dole gumba la kulia chini, halafu la kushoto lilale juu yake. Mkono wa kushoto ubane kwa nguvu kuliko wa kulia, ili kidole cha triga kibaki huru. Jasho likitoka, simama ukaushe mikono kwa kitambaa. Usivumilie mshiko unaoteleza.

Hatua ya 3: Mwili

Inama mbele kidogo kuanzia kiunoni, viwiko visikakamae. Yatosha.

Hatua ya 4: Triga

Hapa ndipo penye kazi. Ukivuta bila kuinua nyundo kwanza, triga inahitaji kilo 5 hivi. Fikiria: kidole kimoja kinavuta kilo 5 kwenye kitu cha gramu 410. Mkono ukitikisika kidogo tu, mtutu unaufuata.

Tumia kiungo cha kwanza cha kidole, si ncha yake. Vuta kwa mwendo mmoja usiokatika mpaka nyundo ianguke, kisha iachie triga irudi mbele mpaka mwisho. Ukiiachia nusu, silinda haitajipanga sawasawa kwa risasi inayofuata.

Zoezi hili lianzie nyumbani, bila risasi. Toa risasi zote nje ya chumba, fungua silinda, tazama, kisha pitisha kidole kwenye kila tundu. Tumia risasi bandia na elekea ukuta imara. Kodolea ncha ya mbele, ile ya kulengea iliyo juu ya mdomo wa mtutu: nyundo ikianguka nayo haikusogea, umevuta vizuri.

Hatua ya 5: Changanya risasi halisi na bandia

Hatua hii ndiyo ninayoitegemea kuliko zote. Mwambie mwenzako akujazie silinda, risasi mbili halisi na tatu bandia, bila wewe kuona. Kisha piga.

Nilikuwa na mama mmoja mfanyabiashara, mtu wa makini sana, ambaye risasi zake zote zilikuwa zinakwenda chini kushoto. Nilipomjazia hivyo, ya kwanza ikalia, ya pili ikasema "tik". Kwenye ile "tik" mdomo wa mtutu ulichovya chini kama ndoano ya mvuvi. Akanigeukia kwa uso tu, mtutu ukiwa bado mbele: "Afande, mbona imejisukuma yenyewe?" Nikamwambia, "Hapana mama, hakuna risasi iliyotoka. Ni mkono wako ulioisubiri."

Hilo ndilo tatizo la karibu kila anayelalamikia msukumo. Risasi ikishatoka, bastola iruke itakavyo, haikuharibii shabaha. Kinachoharibu ni mkono unaosukuma chini *kabla*, ukijihami. Endelea na mchanganyiko huu mpaka "tik" ipite na ncha ikiwa imetulia.

Hatua ya 6: Umbali

Anza mita 3, nenda 5, kisha 7. Kati ya ncha ya mbele na mfereji wa nyuma wa kulengea kuna sentimita 10 hivi tu, kwa hiyo ukikosea milimita 1 katika kulinganisha, kwenye mita 7 umekosa kwa sentimita 7. Bastola yenyewe ni sahihi, ni jicho lililopewa nafasi ndogo.

Maumivu yakianza kwenye shina la dole gumba, acha kwa siku hiyo. Risasi chache zenye umakini zinatosha.

Hatua ya 7: Kutoa maganda na kukagua risasi za kubebea

Kijiti cha kutolea maganda ni kifupi kwenye bastola hizi. Elekeza mdomo juu na ukigonge kwa kiganja mara moja kwa nguvu, la sivyo ganda litanasa chini ya nyota ya silinda, kile kipande kinachoyasukuma maganda nje.

Halafu zipime risasi unazobeba kila siku. Piga nne, toa ya tano bila kuipiga, na uilinganishe na mpya kutoka kwenye boksi. Kwenye bastola nyepesi, msukumo unaweza kukivuta kichwa cha risasi kitoke kwenye ganda lake kidogokidogo, mpaka kichomoze na kuifunga silinda isizunguke. Kama ya tano imerefuka, usizibebe hizo. Tafuta aina ambayo mdomo wa ganda umebanwa zaidi, uipime vilevile.