Namna ya Kusimulia Maisha ya Mwanamfalme Sado kwa Haki

Anayetaka kuandika habari za Sado, mrithi wa kiti cha ufalme wa Korea aliyezaliwa mwaka 1735, asianze na sanduku la mchele alimofia, kwa sababu msomaji akishaliona hilo hataona kitu kingine. Aanze na baba yake, Mfalme Yeongjo, aliyemkaripia mbele za watu tangu utotoni, hata mwana akawa anatetemeka kila anapoitwa.

Kisha asome kumbukumbu za mkewe, Bibi Hyegyeong, alizoziandika kati ya mwaka 1795 na 1805, na akae hasa kwenye habari za mavazi. Sado aliogopa kuvaa. Aliandaliwa nguo jozi baada ya jozi, nyingine zikachomwa moto, na suria aliyekuwa akimvika siku moja alipigwa naye hadi kufa. Ukatili huo usifichwe, maana waliouawa nao walikuwa watu wenye ndugu zao. Lakini mwandishi asimpachike jina la ugonjwa wa siku hizi, kwani hakuna daktari wa leo aliyempima. Akumbuke pia kwamba mjane huyu alikuwa na ukoo wake wa kuutetea.

Ndipo afike Julai 1762, Sado alipofungiwa sandukuni kwa amri ya baba yake, akafa baada ya siku nane. Amalizie kwa Jeongjo, mwanawe, aliyetawala kuanzia mwaka 1776 na kulihamishia kaburi la baba yake karibu na mji wa Suwon mwaka 1789.