Kliniki ya sukari: namna ya kumtumia nesi wako vizuri (usimsimulie tu, muonyeshe)

Watu wengi wakishatoka kwa daktari wa kisukari na cheti cha dawa mkononi wanaenda moja kwa moja famasi, wakitoka hapo ni daladala na nyumbani, nesi wanampita mlangoni maana wanajua kazi yake ni kupima presha, kupima uzito na kuita majina. Mi ni nesi wa kliniki ya sukari na nayaandika haya kwa wagonjwa na kwa nyie mnaowasindikiza. Dozi anaandika daktari, lakini inakuja kukaa sawa au kuharibika mikononi mwako, nyumbani, saa kumi na mbili asubuhi, na mtu ambaye kazi yake ni kuiangalia hiyo mikono ni nesi. Kwa hiyo ukikaa mbele yake usiishie kusimulia, muonyeshe.

Kwanza ujue unamtafuta nani. Sio kila nesi amesomea mambo ya sukari. Uingereza nesi bingwa wa kisukari ni cheo kabisa, kwetu mara nyingi ni yule sista aliyekaa kliniki ile miaka mingi akahudhuria na mafunzo, na siku nyingine anakuwa wodini. Uliza mapokezi hivi: nesi anayefundisha kuchoma insulini anakaa chumba gani na yupo siku zipi. Na kazi yenyewe sio ya jana, insulini ilianza kuchomwa kwa mgonjwa Januari 1922 kule Toronto na miaka hiyo hiyo daktari Elliott Joslin wa Boston alikuwa anategemea manesi wawafundishe wagonjwa, mpaka majumbani, maana aliona dawa bila mafunzo haifiki popote.

Sasa mfuko wa kliniki. Weka chupa ya insulini unayotumia sasa hivi (sio mpya), bomba la sindano la aina unayochomea, mashine ya kupimia na kopo la stripu (vile vibanzi vya kuwekea damu), daftari la sukari, vidonge vyote hata vya presha, na kama unakunywa mitishamba lete pia au angalau jina, hakuna atakayekugombeza. Vaa viatu unavyovaa kila siku, sio vya kanisani. Halafu chakula. Hili nalisisitiza kwa sababu naliona kila wiki, mtu kaambiwa aje bila kula ili apimwe, anachoma insulini yake nyumbani kama kawaida, anafika anakuta foleni, saa nne anaanza kutetemeka kwenye benchi. Siku ya kipimo cha kufunga muulize nesi mapema dozi ya asubuhi uifanyeje, na ubebe chakula chako ule mara tu ukishatolewa damu.

Ukishakaa mwambie nesi, naomba nichome mbele yako uniangalie. Wengi wanaona aibu, hasa wazee ambao wamechoma miaka, lakini hapa ndo penye faida kubwa kuliko pote.

Kuna mzee mmoja alikuja na kijana wake, sukari ya asubuhi mara iko chini mara iko juu, na kila ikifika saa tano anatoka jasho na kuishiwa nguvu, nyumbani wakawa wanamtibu malaria. Nikamwambia "Shikamoo baba, hebu nivutie dozi yako ya asubuhi nione." "Marahaba mwanangu," akachukua bomba, akahesabu vimistari kwa ukucha, kimoja kimoja, mpaka cha kumi. Daktari aliandika uniti 10 na yeye amehesabu vimistari 10, sasa ubaya uko wapi? Bomba lake la zamani lilikuwa la nusu mililita, pale kila kimstari ni uniti 1. Hili jipya ni la mililita 1, kila kimstari ni uniti 2. Yaani alikuwa anachoma 20. Hakuna kipimo cha maabara kingesema hilo, ilibidi avute nione.

Kwa hiyo soma namba zilizoandikwa kwenye bomba, usihesabu vimistari, na kila ukibadilishiwa bomba famasi rudi kwa nesi akuangalie. Chupa nyingi za insulini zimeandikwa uniti 100 kwa mililita, basi na bomba lazima liwe limeandikwa U-100, mara nyingi mfuniko wake ni wa rangi ya chungwa. Yapo ya U-40, mfuniko mwekundu, hayo ukiyatumia kwa insulini ya 100 unachoma mara mbili na nusu ya dozi yako, ni hatari kweli.

Kama insulini yako ni ile yenye ukungu, kwa mfano mchanganyiko wa 30/70 unaotumika sana hospitali zetu, nesi ataangalia unaichanganyaje. Isitikiswe kama dawa ya kikohozi. Ibiringishe taratibu katikati ya viganja kama mara 10, igeuze juu chini mara 10, mpaka iwe nyeupe sawasawa bila kitu kilichotulia chini. Usipofanya hivyo leo unavuta maji maji, wiki ijayo unavuta nzito, na sukari haitaeleweka. Muulize pia muda, kwa sababu hizi za kawaida zinachomwa kama nusu saa kabla ya kula na zile za kisasa za haraka zinachomwa chakula kikiwa tayari mezani, sasa mtu anahamishwa kutoka moja kwenda nyingine bila kuambiwa kitu hicho. Wa peni (ile kalamu ya kuchomea insulini), muonyeshe kama unatoa uniti 2 hewani kwanza kuona kama inatoka, na kama unahesabu mpaka kumi kabla ya kuchomoa.

Afu fungua tumbo. Jamani hili msilione dogo. Nesi anapapasa kwa vidole akitafuta uvimbe laini au sehemu ngumu pale unapochomea, maana mtu akichoma mahali pamoja kila siku mafuta ya chini ya ngozi yanavimba, na ubaya wake pale hapaumi, kwa hiyo unapapenda, unazidi kuparudia, na insulini ikiingia pale inanyonywa vibaya, leo kidogo kesho nyingi. Wagonjwa wengi wanaoambiwa dozi iongezwe kwa sababu sukari haishuki shida yao ni hapo. Omba nesi akuchoree ramani ya tumbo na mapaja, wiki hii upande wa kulia, ijayo kushoto, kila sindano ikae mbali na ya jana kama upana wa kidole, na kitovu ukiache vidole viwili. Ila ukihama kutoka kwenye uvimbe kwenda ngozi nzima dozi ile ile inaweza kukushusha sana, basi mwambie nesi unahama lini na upime zaidi siku hizo. Sindano butu nayo inachangia. Sheria ni sindano moja mara moja, najua bei, ila kama unarudia sema ukweli akuelekeze, na usichangie na mtu hata mkeo, hata ndugu yako wa damu. Zilizotumika weka kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko uzirudishe kliniki.

Kutunza insulini. Ambayo haijafunguliwa inataka friji, nyuzi 2 mpaka 8, isiguse barafu, ikiganda hata ikayeyuka tupa, imeshakufa. Iliyofunguliwa inakaa nje wiki kama nne mahali pasipozidi nyuzi 30, andika tarehe kwenye chupa siku unayoifungua. Sasa Dar au Mombasa mwezi wa pili nyumba ya bati inapita hapo, na umeme nao unakatika. Muulize nesi akuonyeshe chungu, chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji, chupa iwe kwenye kopo kavu lililofungwa, kitambaa chenye unyevu juu, kiweke kivulini penye upepo. Kinapunguza joto vizuri, wasio na friji wengi wanategemea hicho.

Mashine ya sukari pima mbele ya nesi pia. Jambo la kwanza atakalokuuliza ni umenawa? Mtu amemenya embe, anajipima bila kunawa, mashine inasoma 17 (namba zote za mashine humu ni za mmol/L), anapaniki anaongeza dozi. Nawa kwa maji na sabuni, kausha, toboa pembeni ya ncha ya kidole sio katikati, kopo la stripu lifungwe hapo hapo maana unyevu wa pwani unaziua. Na daftari jamani, msitunge namba usiku wa kuamkia kliniki! Tunaona, wino mmoja, mwandiko mmoja, 6.1, 6.3, 6.0 mwezi mzima, halafu HbA1c ambayo inaonyesha sukari ya miezi miwili mitatu nyuma inatoka asilimia 11. Andika 15 yako na kando yake andika "harusini", au "nilisahau sindano", hiyo ndo inanisaidia kukusaidia. Kama stripu ni chache mwambie nesi unazo ngapi kwa mwezi akupangie siku na saa za kupima, ni afadhali chache zilizopangwa kuliko nyingi za wiki moja halafu kimya.

Sukari ikishuka ni somo la nyumba nzima, omba nesi awafundishe wote waliokuja na rudieni nyumbani. Jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, hasira zisizo na sababu, kuongea ovyo. Ikiwa chini ya 4, au huna mashine lakini dalili ziko, vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida (sio ile isiyo na sukari, haisaidii kitu), subiri dakika 15, pima tena, bado rudia, ikipanda kula chakula. Amepoteza fahamu usimmiminie chochote mdomoni wala kumpaka asali, atapaliwa, mlaze ubavu na kimbieni hospitali. Watoto wa miaka minane wanaliweza hili wakifundishwa, na ndo wanaoshinda na bibi mchana.

Miguu, vua viatu hata kama hujaambiwa. Nesi ana kijiuzi cha plastiki kigumu kiasi, kinagusa kwa uzito wa gramu 10, atakwambia ufumbe macho useme "ndio" kila ukihisi. Ukikaa kimya wakati yeye anagusa, hapo pana ganzi. Mguu wenye ganzi haukuambii kuna msumari kwenye kandambili, haukuambii maji ni ya moto, na haya sio ya kufikirika, madaktari wa Dar es Salaam wameandika habari za wagonjwa wa sukari waliong'atwa na panya usiku usingizini bila kuhisi. Tanzania na India ndo zilianza ule mradi wa miguu wa Hatua kwa Hatua miaka ya 2000 mwanzoni, na uzuri wake ulifundisha daktari na nesi wake pamoja, kwa sababu mguu unaokolewa na mtu anayeutazama kila mara. Muulize nesi wewe uko kundi gani la hatari na uangaliwe kila baada ya miezi mingapi. Nyumbani angalia kila jioni, nyayo tumia kioo au mjukuu, kata kucha moja kwa moja usichimbe pembe, viatu nunua jioni mguu ukiwa umevimba kidogo, na ingiza mkono ndani kabla hujavaa.

Chakula sitaandika sana, ila njoo na anayepika. Unamfundisha baba sahani, nusu mboga, robo ugali au wali, robo maharage au samaki, anaitikia vizuri kabisa, halafu nyumbani anayepakua ni mama au dada wa kazi ambaye hakuwepo. Mlete.

Wanaofunga Ramadhani, njoo wiki sita mpaka nane kabla, sio shaabani ikiwa inaisha. Wengine wataambiwa wasifunge na sababu wataelezwa, wengine dozi ya daku na futari itapangwa upya na daktari. Kujipima hakufunguzi, na ikiwa chini ya 3.9 au imepita 16.6 unafungua, hata kama adhana imebaki nusu saa.

Na pesa sema. Kama peni zimekushinda, ukikaa kimya utaanza kurukisha dozi, wakati ukisema nesi anaweza kumuomba daktari akurudishe kwenye chupa na bomba ambazo kwa kawaida ni rahisi zaidi. Watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza wana programu zinazotoa insulini na stripu bure kwenye baadhi ya kliniki, Tanzania na Kenya zote zipo, nesi ndo anajua ipi iko karibu na wewe.

Kabla hujanyanyuka omba namba ya simu ya kliniki na muulize nipige kwa lipi na nisisubiri tarehe kwa lipi. Kwa ujumla iko hivi. Kutapika, kupumua kwa kina na haraka, usingizi usioeleweka huku sukari iko juu, usipige, nenda hospitali usiku huo huo, na mwenye aina ya kwanza asiache insulini yote eti kwa sababu hawezi kula. Kidonda au lengelenge mguuni hata kama haliumi, kesho asubuhi uwe kliniki. Insulini imebaki ya siku tatu, piga leo.