Jinsi ya kukodi warusha droni wenye leseni kwa kazi ya filamu Namibia

Leseni ya droni uliyopata nyumbani haivuki mpaka. Rubani mwenye karatasi zote za mamlaka ya usafiri wa anga ya kwao, iwe TCAA ya Tanzania au KCAA ya Kenya, akishuka Windhoek anahesabiwa kuwa mgeni aliyebeba kifaa, basi. Kazi yoyote ya droni ya kulipwa huko iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Namibia, NCAA, iliyoundwa kwa Sheria Na. 6 ya mwaka 2016. Mamlaka hiyo inamtaka rubani awe na leseni yake, na kampuni inayomtuma iwe na cheti chake cha uendeshaji, ambacho watu wa kazi hii wanakiita ROC. Kimoja bila kingine hakitoshi. Ndiyo maana kila timu inayoniuliza kuhusu jangwa la Namib huwa naiambia iache droni zake nyumbani, ikodi kampuni ya kule kule. Bei inashtua mwanzoni, lakini ni nafuu kuliko kulala hotelini wiki nzima mkisubiri droni iliyozuiliwa forodhani.

Mimi huanza kushughulikia vibali miezi mitatu kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Ukianza mwezi mmoja kabla unaweza kubahatika, ila usiiweke bajeti ya mtu mwingine kwenye bahati.

Kwanza ramani, bei baadaye

Watu wengi huanza kwa kuulizia bei ya siku. Kampuni makini haitakupa bei ya maana kabla ya kujua utarusha wapi, kwa sababu Namibia kila kipande cha mchanga kina mwenyewe. Chukua mswada wako, toa kila picha ya angani unayoihitaji, iandikie jina la mahali na majira ya nukta yake kwenye GPS, kisha jiulize: hapa nani anatoa ruhusa?

Sossusvlei na Deadvlei, mabonde makavu katikati ya matuta ya mchanga, yako ndani ya hifadhi ya Namib-Naukluft, kwa hiyo ruhusa inatoka wizara inayosimamia mazingira na utalii. Droni haziruhusiwi katika hifadhi za taifa za Namibia bila kibali cha wizara hiyo. Spitzkoppe, ile milima ya miamba mikubwa ya matale, iko kwenye ardhi ya jamii, na huko unazungumza na uongozi wa hifadhi ya jamii yenyewe. NamibRand ni hifadhi ya watu binafsi. Kolmanskop, mji uliohamwa ambao nyumba zake zimejaa mchanga hadi madirishani, uko katika eneo la zamani la almasi karibu na Lüderitz, na eneo hilo lina masharti yake ya kuingia hata kwa mtu asiye na kamera.

Panaponasa watu wengi zaidi ni kwenye matuta ya mchanga kati ya Swakopmund na Walvis Bay. Unayaona hapo hapo kando ya barabara ya lami, hakuna uzio wala geti, watoto wanateleza juu ya mbao. Kwa macho ni mahali pa kila mtu. Kisheria ukanda ule ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Dorob, iliyotangazwa mwaka 2010. Tena tuta maarufu la Dune 7 liko jirani na uwanja wa ndege wa Walvis Bay, kwa hiyo ukirusha pale una watu wawili wa kuwaomba: wenye ardhi na wenye anga.

Kuikagua kampuni

Orodha ya maeneo ikishakuwa tayari, tafuta kampuni mbili au tatu na uziombe nakala za karatasi nne: ROC iliyo hai, leseni ya rubani mwenyewe atakayekuja (siyo ya bosi wake), usajili wa droni itakayotumika, na bima ya madhara kwa watu na mali za wengine. Zisome kwa jina, namba na tarehe ya mwisho. Kisha uwaandikie NCAA kwa barua pepe kuuliza kama cheti namba fulani kingali hai. Usione haya kufanya hivyo. Kampuni safi haichukii kukaguliwa, na ile inayochukia imeshakupa jibu.

Ninasisitiza namba kwa sababu ziliwahi kunitoa jasho. Tulifika Sesriem, kwenye geti la kuingilia Sossusvlei, alfajiri, nyota bado ziko juu, magari mawili, watu saba. Askari wa hifadhi akaomba kibali, halafu akaomba kuiona droni. Akaigeuza tumbo juu kwenye boneti ya gari, akawasha tochi ya simu, akaanza kusoma kibandiko cha namba herufi moja moja huku kidole chake kikifuata kwenye karatasi. Herufi ya tano ikakataa. Mrushaji wetu alikuwa ameleta droni nyingine ya aina ile ile, kwa kuwa ile iliyoandikwa kwenye kibali ilikuwa kwa fundi. Hakutuambia, aliona ni jambo dogo. Askari hakufoka wala hakutafuta chochote. Aliturudishia karatasi akasema, "Hii siyo hii." Jua likachomoza tukiwa tumekaa kwenye maegesho, na mwanga ule mwekundu tulioufuata kilomita 350 kutoka Windhoek ukatupita hivi hivi. Tangu siku hiyo naitaka kampuni iniandikishie namba za droni mbili kwenye kila ombi, ya kazi na ya akiba, na usiku wa kuamkia safari nazisoma mwenyewe.

Vibali vyenyewe

Ombi la kwanza linakwenda Tume ya Filamu ya Namibia, NFC, iliyopo kwa sheria ya mwaka 2000. Watataka fomu, muhtasari wa filamu, ratiba yenye maeneo na tarehe, orodha ya watu na pasipoti zao, na orodha ya vifaa. Unaweza kuomba mwenyewe, lakini ukipitia kampuni ya uzalishaji ya Windhoek utapumua, kwani wao wanafuatilia kwa miguu kile ambacho wewe utakifuatilia kwa barua pepe. Kwenye muhtasari andika wazi kwamba kutakuwa na picha za angani na utaje kampuni itakayorusha. Kibali cha filamu kisichotaja droni kitakuletea maswali mbele ya safari.

Ukiwa na barua ya NFC mkononi, omba kibali cha hifadhi kwa wizara, kila hifadhi kwa jina lake. Taja saa za kurusha, urefu wa kupaa, na idadi ya watu mtakaokuwa pale. Wakikuwekea sharti la kuongozana na askari wa hifadhi, hesabu kiti chake kwenye gari na chakula chake mapema.

Upande wa anga mwachie mrushaji. Yeye ndiye mwenye ROC, yeye ndiye anayeomba NCAA idhini ya eneo na tarehe pale inapohitajika, hasa karibu na viwanja vya ndege. Kazi yako ni kumpa majira ya nukta sahihi na kudai nakala ya jibu. Na usidhani anga ya Sossusvlei ni tupu kwa sababu ni jangwa: ndege ndogo za watalii zinatoka Swakopmund kuja kuyazunguka matuta yale. Rubani wako lazima ajue saa za ndege hizo na namna ya kuwasiliana nazo.

Halafu viza. Hata kama pasipoti yako inakuruhusu kuingia kutalii bila viza, kupiga filamu ni kazi, na kazi inahitaji viza ya kazi ya muda mfupi. Barua ya NFC ndiyo inayolifungua ombi hilo. Usimdanganye afisa wa uhamiaji kwamba mmekuja kutembea wakati mizigo yenu imejaa lenzi.

Mkataba

Uandikwe kwa dola ya Namibia au randi, ni mamoja, thamani zake ni sawa moja kwa moja. Cha kubishania ni siku ya upepo. Jangwani upepo unaweza kuizuia droni kutwa nzima, na kwenye pwani ukungu wa bahari baridi ya Benguela unaweza kukaa hadi adhuhuri. Kampuni italipwa kiasi gani siku ambayo imekuja na haikurusha? Nusu ya bei ni jambo la haki kwangu, lakini liandikwe. Andikeni pia idadi ya betri (chini ya sita sikubali mahali pasipo na umeme), nani ana gharama droni ikianguka, na kwamba picha ghafi zote ni mali yako. Mwishoni weka kifungu kimoja: rubani ana haki ya kukataa kurusha, na uamuzi wake hautakatwa malipo. Mwongozaji aliyelala kwa muda wa saa tatu tu anaweza kumsukuma mtu afanye jambo la hatari, na juu ya vichwa vya watalii hilo halifai kabisa.

Siku ya kazi

Lala kambi ya Sesriem, ndani ya geti. Wanaolala ndani huruhusiwa kutoka saa moja kabla ya jua kuchomoza, wa nje husubiri jua. Kutoka hapo ni kilomita 60 za lami, kisha kilomita tano za mchanga laini zinazotaka gari la magurudumu manne na dereva anayejua kupunguza upepo wa matairi.

Tandika zulia la kurukia. Ukirusha kutoka mchangani, panga za droni zenyewe zitaimwagia injini vumbi, na chembe chache zinatosha kuukwamisha mkono wa kamera. Betri ziwe kivulini. Droni nyingi za kazi hii zimetengenezwa kwa joto lisilozidi nyuzi 40, na kiangazi gari lililofungwa linapita hapo upesi. Mwambie rubani asiamini vihisi vya chini peke yake, maana mchanga mtupu usio na alama unavichanganya. Deadvlei usiguse wala kuegemea ile miti mikavu: imekufa zaidi ya miaka 600 iliyopita na bado imesimama kwa sababu ya ukavu tu.

Vibali vyote vichapishwe nakala mbili, moja kwenye gari, moja kwenye begi la rubani, maana mtandao wa simu huko hauaminiki. Na kabla hamjaagana na kampuni, kadi zote zinakiliwe kwenye diski mbili mbele ya macho yenu wote, kisha ndipo umalizie malipo.