Namna ya Kupima Hatari ya Maambukizi Wakati wa Janga

Mtaalamu wa magonjwa ya kuambukiza anayealikwa kwenye sherehe wakati wa janga hajiulizi kama huko ni salama au si salama, kwa kuwa anajua fika kwamba hatari haiishi kabisa. Hujiuliza ni kubwa kiasi gani, ikitokea itamwangukia nani, na kama shughuli yenyewe inastahili.

Anza na hali ya maambukizi mahali ulipo: yakiwa yanapanda, mkusanyiko uleule wa watu thelathini una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na mtu anayeeneza virusi bila kujijua. Kisha waangalie unaoishi nao, kwani kijana mwenye afya njema aliyekwisha kuchanjwa hubeba hesabu tofauti akiwa anamuuguza mzee au mgonjwa wa saratani.

Kwa ugonjwa unaoenea kwa hewa kama UVIKO-19, jambo la kuchunguza zaidi ya yote ni hewa ya mahali unapokwenda. Mnamo Machi 2020, katika jimbo la Washington nchini Marekani, watu 61 walihudhuria mazoezi ya kwaya yaliyochukua takribani saa mbili na nusu ndani ya ukumbi. 53 kati yao walithibitishwa au kudhaniwa kuugua, na wawili wakafariki. Muda mrefu, sauti za juu na hewa isiyobadilishwa vilikutana mahali pamoja. Kwa hiyo fungua madirisha ya pande mbili ili hewa ipite, fupisha muda wa kukaa, au hamishia mazungumzo nje. Wapo wanaobeba kifaa kidogo cha kupima kaboni dioksidi: nje husoma sehemu 400 na ushei kwa milioni, na kadiri namba inavyopanda ndani ndivyo unavyovuta zaidi pumzi zilizokwisha kutolewa na wengine.

Barakoa ya N95 huchuja angalau asilimia 95 ya chembechembe, lakini uwezo huo hupotea ikiwa haikukaa sawasawa. Bana waya wa puani kwa vidole vya mikono yote miwili, pumua kwa nguvu, kisha sikiliza kama kuna hewa inayotoroka kuelekea machoni. Miwani ikipata ukungu, rekebisha tena. Ndevu nyingi nazo huacha mianya.

Kuosha mikono kuendelee, ila kufuta kila pakiti iliyotoka dukani, kwa maoni yangu, ni kujichosha bure, maana UVIKO-19 huambukizwa kwa nadra kupitia vitu vilivyoguswa.

Kipimo cha haraka kifanywe muda mfupi kabla ya kukutana na watu, si siku iliyotangulia. Jibu la kutokuwa na virusi linahusu saa ile tu, na mwenye dalili hurudia baada ya saa 48.

Yasiyo na umuhimu huachwa ili yaliyo muhimu yafanyike. Anayepanga kumtembelea bibi yake mwenye kisukari Jumamosi hujiepusha na mikusanyiko ya ndani tangu mwanzoni mwa wiki, hupima asubuhi ya safari, na akiamka koo likiwasha huahirisha, hata kama kipimo kinasema hana kitu.