Beetle ya pwani ikipanda nyanda za juu: kurekebisha kabureta

Majuzi nilimsaidia jirani aliyenunua Volkswagen Beetle ya 1972 Mombasa akaileta kwetu Nyahururu, takriban mita 2,300 juu ya bahari. Ilifika inakohoa, ekzosi nyeusi tii, inanuka petroli hadi ndani. Hewa ya huku ni pungufu kwa karibu sehemu moja kwa tano, lakini kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, inamimina petroli kama bado iko Likoni.

1. Mwanya wa valvu milimita 0.15 injini ikiwa baridi, wa platini (swichi ya cheche ndani ya distribyuta) 0.4. Haya unayajua.

2. Kagua choki (kibati kinachobana hewa injini ikiwa baridi) kabla hujagusa jeti (kitundu kinachopima petroli). Hapa nilipoteza Jumamosi nzima kwa gari langu: nilibadilisha jeti mara tatu, moshi mweusi haukuisha, kumbe waya wa choki ya umeme ulichomoka kwenye koili. Bila umeme choki haipati joto, haifunguki, na dalili ni zilezile za mwinuko. Toa chujio la hewa (likiwa chafu nalo huleta moshi huohuo), washa injini, ngoja dakika chache. Kibati cha juu kisimame wima. Kikiishia nusu, legeza skrubu tatu za kifuniko cha choki, ukizungushe kidogo kidogo. Kesho yake asubuhi, injini baridi, kanyaga akseleta mara moja: kibati kifunge. Kikigandia wazi, gari litakataa kuwaka nawe utailaumu jeti mpya bure.

3. Jeti kuu. Kabureta ya jirani, Solex 34 PICT-3, ilikuwa na jeti namba 127.5, tukatia 120, yenye tundu dogo zaidi. Nunua yenye namba. Fundi anayeziba jeti kwa lehemu na kuitoboa upya, mimi simpi gari.

4. Sailensa, yaani mwendo wa injini bila kukanyaga akseleta, iwe mizunguko 850 kwa dakika, kwa skrubu mbili za ubavuni mwa kabureta. Skrubu ile inayozuia mkono wa akseleta usiiguse!

5. Soma plagi, sikio hudanganya. Panda mlima kwa gia ya tatu, akseleta hadi chini, kisha kanyaga klachi, zima injini papo hapo, ujisogeze pembeni, ufungue plagi uangalie rangi ya ncha. Ufunguo usiuchomoe gari likitembea, usukani utajifunga. Masizi meusi, punguza jeti. Nyeupe, panda namba moja. Kahawia hafifu, acha hivyo.

6. Taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche, iwahishe kwa digrii 2. Injini ikigonga, rudisha.

Nguvu za pwani hazitarudi zote, hewa yenyewe haipo. Jeti ya 127.5 jirani ameihifadhi garini. Akishuka Mombasa airudishe, na taimingi pia, kwani petroli pungufu huunguza injini hii inayopozwa kwa hewa, na silinda namba 3 ndiyo hutangulia.